Aseniki ni jina moja, maumbo yake ni mengi

Mwalimu mmoja wa Kyuso, Kaunti ya Kitui, ameniuliza swali ambalo naona heri nilijibu hapa kwa manufaa ya wengi. Ripoti ya maji ya kisima ikiandika ‘aseniki’ na kuweka tarakimu mbele yake, mwananchi huwa ameelezwa nini hasa?

Ameelezwa nusu. Nusu iliyobaki inahitaji kemia, lakini pia inahitaji msamiati.

Hebu tuanze na chakula. Kiswahili hakiridhiki na neno moja kwa nafaka moja. Shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Nani atamwandalia mgeni sahani ya mpunga? Asili ni ileile ila umbo limebadilika, na jina likabadilika nalo.

Elementi zenye sumu zina tabia hiyo. Zebaki ya kipimajoto ikimezwa, karibu yote hupita tumboni bila kufyonzwa, ingawa mvuke wake ni hatari. Ikiungana na kaboni na kuwa methilizebaki, mwili huifyonza karibu yote, nayo hufika hadi kwenye ubongo. Aseniki nayo, ile inayoyeyuka kutoka miambani hadi majini huweza kusababisha saratani. Ile ya samaki na kamba, iitwayo asenobetaini, hutoka kwa mkojo bila madhara.

Maabara huyatenganishaje? Kwanza, maji hupitishwa katika mrija mwembamba uliojazwa chembechembe, na kila umbo hupita kwa mwendo wake. Linalotoka huingia katika mtambo wenye gesi ya agoni iliyopashwa joto la maelfu ya digrii, ambao huzitambua atomu kwa uzito wake. Mtambo huona aseniki tu. Muda wa kutoka ndio unaotaja umbo.

Kazi lakini huanzia kisimani. Maji ya chini ya ardhi yasiyo na oksijeni mara nyingi huwa na aseniki (III). Yakikutana na hewa, aseniki hiyo huanza kugeuka kuwa aseniki (V). Basi sampuli ikichotwa Kyuso ovyo ovyo na kusafirishwa juani hadi Nairobi, kitakachopimwa si kilichokuwa kisimani. Ndiyo maana huchujwa papo hapo, ikatiwa dawa ya kuihifadhi, na kuwekwa penye baridi na giza.

Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita, ni cha aseniki yote kwa jumla. Hata hivyo, aseniki (III) huponyoka vichujio vingi vinavyoinasa (V), hivyo yafaa igeuzwe kwanza, kwa mfano kwa klorini. Familia inaweza kununua kichujio na bado ikanywa sumu. Isitoshe, wakazi wa Kyuso huyajua maji ya chumvi kwa ulimi. Aseniki haina ladha.

Gharama ya neno lisiloeleweka tunaijua. Mnamo 1971 na 1972, wakulima wa Iraq walipewa mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya methilizebaki. Onyo kwenye magunia lilikuwa kwa lugha za kigeni. Wengi walizisaga wakaoka mikate. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafa.

Napendekeza istilahi ‘umbo la kikemikali’. ‘Aina’ ni pana mno, ‘hali’ tumeshaipa yabisi, kioevu na gesi, na ‘spishi’ ni ya wanabiolojia. Basi mwalimu, ripoti ikikufikia, uliza mambo mawili: ni aseniki ya umbo gani, na sampuli ilihifadhiwaje njiani? Uliza kwa Kiswahili, na udai kujibiwa kwa Kiswahili.