Pilipili Haiui Tegu

Waethiopia wana chakula kiitwacho dulet. Utumbo, ini na nyama laini ya ng'ombe, kondoo au mbuzi hukatwakatwa vipande vidogo sana, kisha huchanganywa na siagi yenye viungo, kitunguu na pilipili kali. Wapo wanaokila kibichi, wapo wanaokipasha kidogo, na wapo wanaokipika hadi kiive. Mpishi wa Mbulu au Hanang akitaka kukiandaa, na afuate hao wa mwisho.

Nyama mbichi ya ng'ombe huweza kumpa mlaji tegu wa utumboni. Ya nguruwe ina hatari zaidi. Utafiti wa wilayani Mbulu, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta vifuko vya tegu katika ndimi za asilimia 17.4 ya nguruwe 770. Anayekula nyama hiyo haijaiva hupata tegu. Mayai hutoka na kinyesi chake, na yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono au maji machafu, vifuko huweza kuota ubongoni na kuleta kifafa. Hivyo hata jirani asiyekula nguruwe huweza kuugua. Kifafa hicho si laana, wala hakiambukizwi kwa mate.

Chumvi, ndimu na pilipili haviui tegu. Moto ndio humuua. Nyama ipikwe hadi wekundu wa ndani uishe, kisu na ubao vioshwe, mikono inawiwe kwa sabuni, choo kitumike. Aliyeanza kuanguka kifafa ukubwani apelekwe hospitali mapema.