Sauti Zilizonaswa Moshi: Kutoka Utepe Hadi Diski

Mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, studio ya Sauti ya Injili ilitayarisha vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya Radio Voice of the Gospel, kituo kilichoanza kutangaza kutoka Addis Ababa mwaka 1963. Vipindi vilinaswa katika utepe wa sumaku, na utepe ukasafirishwa hadi Ethiopia. Mwaka 1977 Serikali ya Ethiopia ilikitaifisha kituo hicho. Mitambo hubadili mwenyewe kwa siku moja; sauti iliyomo katika utepe hupotea polepole.

Utepe ni plastiki iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma kwa gundi. Gundi hiyo hufyonza unyevu, hulainika na kunata. Chembe zikibanduka, sauti imekwenda nazo. Hapana budi sauti igeuzwe kuwa tarakimu mapema.

Kompyuta hupima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde. Diski ya CD hutumia vipimo 44,100 vya biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti. Kwa hifadhi hupendelewa vipimo 96,000 vya biti 24, yaani ngazi 16,777,216. Ngazi hizo humwezesha fundi kusafisha mikwaruzo bila kuiharibu sauti yenyewe.

Mwanafunzi na apige hesabu: vipimo 96,000 mara biti 24 mara njia 2 ni biti 4,608,000, au baiti 576,000, kwa sekunde. Diski ya DVD yenye baiti bilioni 4.7 itachukua saa mbili na robo hivi.

Je, mfumo endeshi upi utumike? Windows na macOS zina programu nyingi, lakini kampuni ikiacha kuihudumia programu yake, kompyuta mpya huweza kuikataa. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haina ada ya leseni na msimbo wake u wazi. Programu ya Audacity hunasa na kuhariri sauti katika mifumo yote mitatu. Dvda-author, nayo ya bure, hupanga mafaili kwa muundo wa DVD-Audio. Hata hivyo muundo huo, uliotoka mwaka 2000, haukuenea, na mashine nyingi za DVD haziusomi.

Hapo ndipo lilipo funzo. Diski ni chombo cha kusikilizia. Hifadhi hasa ni faili la WAV, ambalo kila mfumo hulifungua, likiwa na nakala mahali zaidi ya pamoja. Shule ya Marangu au Machame yenye kompyuta moja na kinasa kizima yaweza kuanza na kaseti za kwaya na za wazee wa kijiji. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini sauti ya marehemu ikishabanduka katika utepe, hakuna awezaye kuijenga upya.