Bosi mzuri huambiwa ukweli

Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Wodi zenye viongozi wazuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Si kwamba wauguzi wake walikosea zaidi, ila hawakuogopa kusema. Penye bosi mkali kosa hufichwa, na anayeumia ni mgonjwa.

Mzazi, kama unasimamia watu kazini, anza na tabia ndogo. Ukiletewa habari mbaya, shusha pumzi, shukuru, kisha uliza “nini kimetokea?” kabla ya “nani kafanya?” Ukikosea wewe, sema mbele ya wenzako.

Mazoezi yaanzie nyumbani: mtoto akija kusema amevunja kikombe, mpokee hivyo hivyo.