Kuuzulu, Kujiuzulu na Kupindua: Vitenzi vya Kuondoka Madarakani Zanzibar

Mbele ya Forodhani, ambako kasri ya Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 inatazamana na bahari, ndipo palipokuwa kitovu cha utawala wa Unguja, na watawala waliokaa hapo waliondoka madarakani kwa njia ambazo Kiswahili hakizichanganyi. Kitenzi uzulu, yaani kumwondoa mtu katika cheo, kinatokana na mzizi wa Kiarabu wa konsonanti tatu, ayn, zay na lam, wenye maana ya kutenga na kuweka kando, na anayeuzulu lazima awe na mamlaka juu ya anayeuzuliwa. Kikiongezewa ji-, kiambishi kinachomfanya mtenda awe pia mtendwa, hupatikana jiuzulu, na ndivyo alivyofanya Sultani Ali bin Hamud mwaka 1911, akiwa Ulaya.

Pindua ni neno la Kibantu, na historia yake ina utamu zaidi. Shina lake ni pinda, lililozaa upinde na pindo la nguo, likafuatwa na kiambishi cha kutendua, kile kinachotofautisha funga na fungua. Ila hapa hakitengui kupinda, bali hukufikisha mwisho, kama chombo kinavyopinduka baharini, mkuku ukawa juu na tanga likawa chini. Zamani kiambishi hicho kilikuwa na sauti l, ambayo imedondoka katika pindua, imebaki katika pinduliwa, na mbele ya i ya kuundia nomino iligeuka z, ndipo yakapatikana mapinduzi, sawa na ufunguzi na uamuzi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, serikali iliyokuwa chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah ilipinduliwa, na nomino hiyo ikaingia katika jina la chombo cha dola, Baraza la Mapinduzi, linalotumika hadi leo. Kwa tukio lile hakuna kitenzi kingine ambacho kingefaa, kwa kuwa nguvu ilitoka chini, si juu.

Kesi ngumu ni ya Januari 1984, pale Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alipojiuzulu baada ya kubanwa katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Chama Cha Mapinduzi (CCM) mjini Dodoma. Kisarufi ji- ni sahihi, maana uamuzi ulitangazwa kuwa wake. Kihistoria inaficha mkono uliosukuma, na mwandishi mwaminifu hana budi kuutaja mkono huo palepale anapolitumia neno. Nafasi yake ilichukuliwa na Ali Hassan Mwinyi.