Tope Lisilo na Leseni

Mtu wa Kitale akisikia kwamba wakazi wa Tiwi, pwani ya Kwale, walizozana na wenye meli iliyofyonza mchanga kutoka sakafu ya bahari, ana haki ya kuuliza yamhusu nini. Kati yake na Bahari ya Hindi pana zaidi ya kilomita 700. Mvua ya Trans Nzoia hata haielekei huko. Kwa sehemu kubwa inateremka magharibi hadi Ziwa Victoria. Lakini kinachoua miamba ya chini ya maji pale meli inapofukua ni kitu ambacho Kitale na Bungoma hukitoa kwa wingi kila msimu wa mvua, bila meli wala leseni.

Tuanze na mwamba wenyewe. Sakafu ya bahari, na ya ziwa pia, mahali pengi ni laini: mchanga, tope, maganda yaliyosagika. Kiumbe kinachohitaji kujishikiza hakina pa kushika hapo. Ndiyo maana kila palipo na jiwe gumu pana msongamano. Chaza, sifongo, mwani na matumbawe hugombea nafasi juu yake. Pweza, kamba na chewa hukaa katika mianya yake. Changu na tafi huja kula na kuondoka. Pwani ya Kenya mwamba ni chokaa iliyojengwa na matumbawe yenyewe. Kisiwa cha Mombasa kimekalia matumbawe ya kale, ya takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 waliisimamisha juu ya jiwe hilohilo. Ziwa Victoria halina matumbawe. Miamba yake mashuhuri ni ya matale, kama ile mikubwa ambayo wageni huipiga picha Mwanza, na juu yake huota utando wa mwani ambao samaki wadogo huuparura kutwa nzima.

Kwa nini watu wafukue sakafu ya bahari? Ama wanataka kina, ama wanataka mchanga. Kati ya 2011 na 2012 mlango wa bandari ya Mombasa ulichimbwa hadi takriban mita 15 ili meli kubwa zaidi za makontena ziingie. Lamu, ambako gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, njia ya meli ilifukuliwa hadi mita 17.5. Kule Kwale mabishano yalihusu mchanga wa kujazia ardhi kwa ajili ya miradi ya bandari na reli ya SGR. Palipo laini, meli huburuta bomba sakafuni na kufyonza mchanga pamoja na maji hadi tumbo lake lijae. Palipo pagumu huletwa chombo chenye kichwa cha meno kinachosaga mwamba kabla ya kuufyonza.

Picha inayowajia wengi ni ya meno hayo. Ni kweli kwamba mwamba uliosagwa haurudi. Matumbawe makubwa ya aina ya mviringo hukua kwa sentimita moja hivi tu kwa mwaka, kwa hiyo kipande kilichopondwa kwa dakika moja huenda kilikuwa kimejengwa tangu kabla ya reli ya kwanza ya Mombasa. Hata hivyo eneo linaloguswa na meno ni dogo, na linajulikana kwenye ramani. Madhara yanayosambaa hutoka kwenye maji yanayofurika. Meli inapofyonza, mchanga hutuama tumboni mwake nayo maji ya ziada humwagwa nje, yakiwa na chembe zote nyepesi ambazo hazikupata muda wa kutuama. Aliyewahi kuishi jirani na posho mill anaelewa: unga mzito huingia guniani, na ule mwepesi unakaa juu ya paa la jirani.

Hesabu ya kutuama ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chukua maji matulivu yenye kina cha mita 10. Punje ya mchanga yenye kipenyo cha sehemu mbili za kumi za milimita itafika chini kwa dakika chache. Ipunguze kipenyo mara kumi, na itahitaji karibu saa nane. Ipunguze mara kumi tena, ufikie chembe ya mfinyanzi, na itachukua zaidi ya mwezi. Kipenyo kikipungua mara kumi, mwendo wa kutuama hupungua kama mara mia. Na bahari haina utulivu wa mwezi mzima. Chembe hizo hubebwa na mkondo, hutua, hutifuliwa na wimbi, hutua tena kwingine.

Zinapotua juu ya mwamba huanza kazi mbaya. Matumbawe huishi kwa mwani mdogo uliomo ndani ya nyama yake, na mwani huo unahitaji jua. Maji yakiwa kama chai ya maziwa, chakula hupungua. Matumbawe hujisafisha kwa kutoa ute unaobeba uchafu, kazi inayokula nguvu ambazo zingetumika kukua na kuzaa. Chaza na sifongo, wanaochuja maji ili wale, hujaziwa vichungio. Lakini baya zaidi ni lile lisiloonekana hata na mpiga mbizi mzoefu. Viluwiluwi vya matumbawe na vya chaza huelea kwa siku au majuma, kisha hutafuta jiwe safi la kujibandika. Utando mwembamba wa tope, hata usiofikia unene wa kucha, unatosha kuvinyima mahali. Mwamba unabaki palepale, samaki wazima wanaonekana, mtaalamu anayelipwa na mkandarasi anaandika kwamba hali ni nzuri, na kumbe kizazi kipya hakiingii tena.

Mkandarasi makini hupima ukungu wa maji kila saa, hutandaza pazia la kuzuia tope pale mkondo unapoiruhusu kazi hiyo, na huangalia upepo. Huko Malindi, ambako mto Sabaki humwaga tope linalotoka mbali bara, wavuvi wanajua kwamba wakati wa kusi tope huelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi hurudi kusini kuelekea miamba ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968. Anayefukua bila kuijua kalenda hiyo anafukua kwa kubahatisha. Na akikosea, ana mtu wa kumdai. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Ukizigawa sawasawa ni kama shilingi 380,000 kwa kila mmoja. Malipo yalivutana miaka mingi, lakini angalau palikuwa na mshtakiwa.

Sasa turudi kwetu magharibi. Nzoia ndio mto mkubwa kuliko yote ya Kenya inayoingia Ziwa Victoria. Unakusanya maji ya milima ya Cherangani na ya Mlima Elgon, unapokea Koitobos kutoka upande wa Kitale, unaporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole hapo Webuye, unapokea Kuywa kutoka Bungoma, unapita Mumias, kisha unafika Budalang'i, ambako watu wanaishi nyuma ya kingo za udongo wakiomba zisipasuke. Miezi ya Aprili na Mei, mashamba ya mahindi yakiwa yamelimwa na mmea bado haujafunika ardhi, kila tone la mvua linapiga udongo mtupu. Chembe za mfinyanzi zinazong'oka hapo ni zilezile zinazohitaji zaidi ya mwezi kushuka mita 10. Mchanga huachwa njiani, kwenye mikunjo ya mto. Mfinyanzi hufika ziwani. Nao haufiki peke yake. Umeshikamana na fosforasi ya udongo na ya mbolea, na fosforasi ndiyo chakula cha mwani unaoyafanya maji ya ziwa yawe ya kijani. Miaka ya 1920, watafiti waliposhusha sahani nyeupe ziwani, waliiona hadi kina cha mita 7 au 8. Miaka ya 1990, mahali pengi ilipotea macho kabla ya mita 3.

Kilichotokea kwenye miamba ya ziwa ni kisa ambacho, kwa maoni yangu, kingefaa kufundishwa kila shule ya Kenya Magharibi. Ziwa hili lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo zikazuka aina zinazokadiriwa kufika 500 za samaki wadogo ambao wavuvi wa Kenya huwaita fulu na wa Tanzania furu. Mbuta, yaani sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 aliwala wengi wa majini wazi. Waliokaa kwenye mianya ya mawe waliponyoka kwa kiasi, maana mbuta mkubwa hawezi kuingia humo. Miongoni mwao wamo ndugu wawili wa karibu sana: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu ya kijivu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni. Huyu wa pili alipewa jina hilo kisayansi mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka. Sijui kiongozi mwingine aliyeagwa kwa zawadi nzuri namna hiyo. Majike ya aina zote mbili yanafanana, hayana rangi ya kujionyesha, na kinachozitenga aina hizo ni uchaguzi wa majike hayo: huyu anataka wekundu, yule anataka ubuluu.

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha walichokiona kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Victoria. Maji yalipokuwa maangavu, aina zilikaa mbalimbali, kila moja na rangi yake. Maji yalipokuwa na ukungu, rangi zilififia na idadi ya aina ilipungua, na kwenye mawe yenye maji mabaya zaidi madume yalikuwa ya rangi za katikati zisizo za huyu wala za yule. Jike haoni, kwa hiyo hachagui. Hakuna aliyewavua wala kuwatia sumu. Wanaendelea kuzaana, ila wanayeyuka wakawa kitu kimoja. Mtu akihesabu samaki kwa kilo hataona hasara yoyote.

Hapa Bungoma, kesi ya tope ikizuka, anayekamatwa ni kijana mwenye sepetu. Uvunaji mchanga una makosa yake: ukichimba ukingo badala ya kitanda cha mto, ukingo unaporomoka, na hapo unatoa mfinyanzi wa miaka mingi kwa siku moja. Miongozo ya kitaifa ya 2007 kuhusu uvunaji mchanga iliwekwa kwa sababu hiyo. Lakini mchanga wenyewe, nimeshaeleza, hauogelei hadi ziwani. Aliyelima mahindi mpaka jembe likagusa maji anatoa tope zaidi kwa utulivu zaidi, na jirani humsifu kwa bidii. Kanuni za maji za 2007 ziliweka ukanda wa ukingoni usiolimwa, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30. Mita 6 ni mistari minane hivi ya mahindi, na siwalaumu sana wanaoona uchungu kuiacha penye shamba la nusu ekari. Zinaweza kupandwa mabingobingo, ng'ombe akapata chakula na mizizi ikashika udongo. Wakulima wa Bungoma, Kitale na Kisumu waliokuwa kwenye mradi wa kaboni wa shirika la Vi Agroforestry, ambao 2014 ulipata hati za kaboni ya udongo, walilipwa kwa kutunza udongo shambani. Mapato ya kaboni yalikuwa kidogo. Faida kubwa ilikuwa mavuno, na tope lililobaki shambani halikuingia kwenye hesabu ya yeyote.

Linaweza kuhesabiwa. Chupa ndefu angavu ya plastiki, alama nyeusi na nyeupe chini yake, na rula: unamimina maji ya mto mpaka alama ipotee, unasoma kina. Shule moja ya Moi's Bridge na moja ya Webuye zikifanya hivyo kila Ijumaa kuanzia Aprili hadi Agosti, zikiandika pia mvua ya wiki, zitatuambia kama tope la Nzoia linaingia zaidi juu ya Moi's Bridge au kati ya hapo na Webuye. Jibu hilo ndilo litakaloonyesha mabingobingo yaanze kupandwa upande gani.