Je, Wajua? Majalada Yaliyokuwepo Bila Kuwepo

Je, wajua kuwa barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana haziko Kilwa zilikoandikwa? Ni za mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na zimetunzwa Goa, India, yalikokuwa makao makuu ya Wareno katika eneo la Bahari ya Hindi. Karatasi zilimfuata mtawala.

Zilimfuata hata baada ya uhuru. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso ya enzi ya Mau Mau. Kesi ikiendelea, mwaka 2011, serikali hiyo ikakiri kuwa ina majalada yapata 8,800 ya makoloni 37, yaliyofungiwa Hanslope Park, Uingereza. Yalianza kufunguliwa mwaka 2012 katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, kwa alama FCO 141. Kabla ya hapo, mtafiti hodari angechapa neno lolote katika katalogi asiambulie kitu. Leo ukichapa alama hiyo mtandaoni unapata jina la jalada na miaka yake. Usishangilie mapema: kuliona jina si kulisoma jalada, na mara nyingi safari ya Kew, au ombi la nakala la kulipia, iko palepale.

Je, wajua kuwa JSTOR, ambayo wanafunzi wengi huifungua kutafuta makala za wanazuoni tu, ina pia mkusanyiko wa nyaraka za ukombozi wa Kusini mwa Afrika? Anayeandika juu ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, asiishie kwenye makala.

Na kanzidata haijui unachokusudia, inajua kilichoandikwa. Ukitafuta habari za mwaka 1950 kwa neno “Tanzania” utatoka mikono mitupu, kwani Bara iliitwa Tanganyika. Kilwa ya Wareno itafute kama Quiloa. Magazeti ya zamani ni shida zaidi: kompyuta huzisoma vibaya herufi zilizofifia, basi jaribu tahajia mbili tatu kabla ya kukata tamaa.

Kitabu cha kiada cha shule ya kikoloni nacho kina vituko vyake. Kwa anayetafuta historia ya Uchagga ni chanzo cha pili, tena cha kutiliwa shaka. Kwa anayechunguza watoto walifundishwa nini, hichohicho ni chanzo cha msingi.