Sijambo, Daktari

Mgonjwa wa saratani amesafiri siku nzima kwa basi, akalala kwa jamaa, na tangu alfajiri yuko kwenye benchi la kliniki. Usiku kucha mgongo umemwaka moto. Zamu yake inapofika, daktari anamkaribisha: "Hujambo, mama?" Naye anajibu kama alivyolelewa kujibu: "Sijambo, daktari, namshukuru Mungu." Kuanzia hapo maongezi ni ya vipimo, wingi wa damu na tarehe ya dawa inayofuata. Muda umekwisha. Maumivu aliyokuja nayo anarudi nayo.

Adabu ya lugha yetu ni nzuri, lakini ndani ya chumba cha daktari humponza mgonjwa. Aliyejuliwa hali hukiri uzima kwanza, hata akiwa hoi. Ugonjwa husemwa baadaye, kwa kuzungukazunguka, na mara nyingi huambiwa ndugu badala ya mganga. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi ataanzaje kumweleza kijana wa umri wa mwanawe kwamba anavuja, kwamba ananuka, kwamba mumewe amehamia chumba kingine? Ndiyo maana nimevutwa na jambo linaloonekana dogo: mgonjwa kuulizwa kwa simu au kompyuta, swali moja moja, kabla hajaonana na mtu.

Jambo hilo lilipimwa New York, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering. Daktari Ethan Basch na wenzake walichukua wagonjwa 766 ambao saratani ilikuwa imekwisha kusambaa mwilini. Baadhi walihudumiwa kama kawaida. Wengine walieleza kwenye kompyuta hali ya dalili 12, zikiwemo maumivu, kichefuchefu na kupumua kwa shida. Dalili ikizidi, muuguzi alipata ujumbe. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalisema hivi: nusu ya waliokuwa wakieleza dalili zao waliishi zaidi ya miezi 31.2, ilhali kwa wenzao ilikuwa miezi 26. Tofauti ya miezi mitano! Zipo dawa za bei ya kutisha ambazo hazimwongezei mgonjwa hiyo mitano.

Tena, kati ya wagonjwa hao, wale ambao hawakuwa na mazoea ya kompyuta walinufaika zaidi katika ubora wa maisha. Anayesema wazee wetu wa vijijini hawataweza mambo haya, naomba alitazame hilo kwanza.

Kompyuta yenyewe haikumtibu mtu. Katika kila jumbe nne za tahadhari, karibu tatu zilimfanya muuguzi achukue hatua: kupiga simu, kushauri, kubadilisha dawa, kumwita mgonjwa hospitali.

Kwetu maswali yenyewe yapo tayari. Chama cha Afrika cha tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, chenye makao yake Kampala, kina dodoso fupi la maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Linauliza kuhusu maumivu, kisha linaingia pale ambapo daktari mwenye foleni mlangoni hafiki: una wasiwasi? Umepata wa kumweleza yaliyo moyoni? Moyo wako una amani? Asiyejua kusoma hujibu kwa mkono wake: ngumi iliyofumbwa ni kwamba hakuna maumivu, vidole vyote vitano ni kwamba yamepita kiasi. Mkono haujui kusema "sijambo". Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, watafiti wameyatia maswali hayo kwenye programu ya simu, mPalliative Care Link, ili mgonjwa aliyerudi nyumbani aendelee kuulizwa na majibu yake yamfikie mtaalamu.

Hapo ndipo ninapoanza kuwa na hofu, kwa sababu simu yenyewe ni ya nani? Katika nyumba nyingi ni ya mtoto wa kiume, naye ameondoka nayo kwenda kazini. Jioni anarudi, anamsomea mama swali, anasubiri jibu. Mama anamtazama mwanawe usoni na kusema hajambo. Aibu tuliyoikimbia kliniki imetufuata hadi kitandani. Swali likija kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, naye akajibu kwa kubonyeza namba akiwa peke yake, hapo atasema kweli. Na asikatwe hata senti moja ya salio kwa kusema kweli hiyo.

Hofu ya pili ni kubwa zaidi. Kumuuliza mtu anaumwa kiasi gani, akajibu, kisha pakawa kimya, ni kumtonesha kidonda. Mama akibonyeza tano usiku wa Jumamosi huko Sumbawanga, anahitaji muuguzi wa zamu atakayempigia usiku huohuo, na chupa ya mofini ya maji iliyo karibu naye kuliko Dar es Salaam.